Nati Kubwa za Lori: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Ukiomba "nati ya 32" katika duka la vipuri Butembo, bado hujasema unachotaka. Hiyo 32 ni spana, yaani upana wa nati toka ubavu hadi ubavu. Nati yenyewe hutajwa kwa unene wa bolti inayoingia ndani yake: M20 hushikwa kwa spana 30, M24 kwa 36, M30 kwa 46, M36 kwa 55. Zidisha unene wa bolti mara moja na nusu, utakuwa karibu sana na spana yake.

Hasara kubwa hutokea kwenye meno. M22 ya kawaida ina nafasi ya milimita 2.5 toka jino hadi jino. M22 ya gurudumu la malori mengi ya Ulaya ina 1.5 tu. Spana moja ya 32 yaweza kushika zote mbili, na zikiwa zimepakwa vumbi na grisi, jicho halizitofautishi. Chukua rula, pima bolti toka ncha ya jino la kwanza hadi la kumi na moja: ukipata milimita 25, meno ni mapana, ukipata 15, ni membamba. Kisha zungusha nati kwa vidole. Iliyo sahihi huenda hadi mwisho bila kubembelezwa. Ikikwama baada ya mizunguko miwili mitatu, iondoe, maana huenda ni ya inchi, na spana ndefu itaikata meno bolti nzima.

Malori ya zamani ya Kijapani, Fuso zikiwemo, yana desturi yake. Katika mengi yake, magurudumu ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea. Tazama herufi L au R kwenye ncha ya bolti kabla hujatia nguvu. Nyuma, palipo na matairi mawili, nati ya nje ya spana 41 hufunika ya ndani yenye kichwa cha mraba cha 21. Legeza ya nje, kaza ya ndani, ndipo urudi kukaza ya nje. Ukikaza ya nje peke yake, tairi la ndani litacheza.

Angalia pia namba iliyogongwa juu ya nati. Bolti ya 10.9 inataka nati ya 10, ya 8.8 inataka ya 8. Nati isiyo na namba ipeleke kwenye geti au kitanda. Yenye pete ya nailoni isikae karibu na ngoma ya breki, kwa sababu joto huiyeyusha.

Kwa M22 ya gurudumu, vitabu vingi vya magari hutaja nguvu ya karibu Nm 600. Fuata kitabu cha gari lako. Mtu wa kilo 60 akiegemea polepole kwenye ncha ya bomba la kurefusha spana, likiwa limelala, mita moja toka katikati ya nati, anaikaribia. Asirukeruke juu yake. Futa kutu na rangi pale rimu inapogusana na habu, kisha kaza nati kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana.

Nati hulegea kidogo rimu inapokaa mahali pake, kwa hiyo hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Toka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi. Ukibadilisha tairi Butembo, simama Beni ukaze tena kabla ya kushika barabara ya Kasindi.