Kuchora Vifereji kwa Leza Kwenye Utando wa Haidrojeli

Vifaa vya kupimia maradhi kwa tone la damu vina vifereji vyembamba mno, ambavyo kwa kawaida huchongwa kwa mitambo ghali katika vyumba visivyo na vumbi. Lakini karakana yenye mashine ya leza ya kukatia mbao inaweza kuianza kazi hii kwa kuchora kwenye utando wa haidrojeli.

Haidrojeli ni mtandao wa polima unaoshika maji mengi bila kuyeyuka. Lenzi laini za machoni ni haidrojeli. Mwanakemia Otto Wichterle aliziundia mashine nyumbani kwake, Praha, mwaka 1961, kwa vipande vya mchezo wa watoto. Haidrojeli nyingine huitikia joto: ile iitwayo PNIPAM hujaa maji ikiwa baridi, na joto likipita nyuzi 32 hivi huyatema na kusinyaa. Kifereji kilichochorwa humo hufunguka na kujifunga kwa joto tu, bila mota wala bomba.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni maji. Leza ya kaboni dioksidi ya mashine kama hizo, yenye wimbi la mikromita 10.6, hunyonywa sana na maji, hivyo ukichoma utando mbichi nguvu nyingi huishia kuyachemsha na kingo hutoka malengelenge. Ukaushe kwanza juu ya kioo, uchore kwa nguvu ndogo na mwendo wa kasi, kisha uuloweshe. Utavimba, hasa kwenda juu, kwa kuwa chini umeshikwa na kioo. Basi pima upana wa kifereji baada ya kulowesha. Mistari ya mikromita 100 hivi ndiyo ya kutarajiwa kwa mashine hizi, na kwa majaribio mengi ya vimiminika inatosha.

Kwa kujifunzia, tumia alginati iliyogandishwa kwa kalsiamu, au karajinani ya mwani wa kotonii, unaolimwa pia Zanzibar, ambayo huganda kwa potasiamu. Akrilamaidi ya kutengenezea jeli nyingine ni sumu ya mishipa ya fahamu kabla haijaungana. Mwanafunzi mgeni asiishike.

Mwanga wa leza hii hauonekani, lakini hupofusha. Vaa miwani ya kinga ya wimbi hilohilo, toa moshi nje, na usiondoke mashine ikiwaka. Kamwe usikate plastiki ya PVC: hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayounguza mapafu na kula chuma cha mashine.