Darubini ya Bei Nafuu: Usidanganywe na Katoni

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliisoma darasani, lakini maana yake nilifunzwa na darubini.

Likizo ya Desemba nilifanya kibarua cha kuvuna mahindi hapa Trans Nzoia, nikapata shilingi 3,000. Mama akanishauri, "Mwanangu, nunua viatu, hivyo vyako vimekwisha." Mimi nikakata shauri kununua darubini ya kutazamia sayari. Katoni ilichorwa Zohali na pete zake, ikaandikwa ati inakuza mara 525. Usiku nikaitoa uani, kwetu Tuwan. Kumbe! Niliona doa tu lenye ukungu. Dada yangu mdogo akauliza, "Kaka, mbona nyota inatetemeka? Inasikia baridi?" Viatu sina, sayari sina.

Tangu siku hiyo nimelichunguza jambo hili, ili wewe usipite nilikopita mimi.

Kwanza, usiulize inakuza mara ngapi. Uliza kipenyo cha lenzi au kioo kikuu, maana ndicho kinachokusanya mwanga. Ukuzaji wa kufaa hauzidi mara 2 hivi kwa kila milimita ya kipenyo. Kwa hivyo lenzi ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Ukizidisha hapo, picha inakuwa kubwa lakini yenye giza.

Pili, piga hesabu. Gawanya umbali wa fokasi wa lenzi kuu kwa ule wa lenzi ya jichoni. Milimita 700 kwa 20 ni mara 35, na hizo zinatosha kuona pete za Zohali. Galileo mwaka wa 1610 aliona miezi minne ya Mshtarii kwa mara 20 hivi tu. Basi 525 ilitoka wapi? 700 kwa 4 ni 175, halafu wakaongeza lenzi ya kuzidisha mara 3. Hesabu ni sawa, picha ndiyo hakuna.

Tatu, tikisa miguu yake. Ikiyumba dukani, uani itayumba zaidi.

Nne, kamwe usiielekeze juani. Hata kile kioo cheusi cha kufunika lenzi ya jichoni hupasuka kwa joto, nawe ukapofuka.

Je, kama pesa ni haba? Tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Mwalimu wetu wa fizikia aliniazima yake. Niliiegemeza juu ya nguzo ya ua, nikaona Mshtarii na vidoa vitatu kandoni, vimejipanga mstari mmoja. Dada yangu akatazama, akasema, "Sasa imepona baridi." Sisi tuna bahati: Kitale iko karibu na ikweta, hivyo sayari hupanda juu sana angani, mahali hewa haivurugi picha mno.

Wanachama wenzangu, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wa The Travelling Telescope huzunguka mashuleni na darubini nzuri, watoto wengi wakatazama kwa zamu. Nasi tukichanga, tutanunua moja ya maana ya chama kizima, badala ya kila mtu kununua katoni yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Nami safari hii nitaanza na viatu.