Kachumbari Bila Hofu

Safari hii tunaingia jikoni.

Juzi, baada ya kipindi kwenye klabu moja ya afya, msichana wa kidato cha pili alinisubiri mlangoni. Akaninong'oneza: "Dada, mdogo wangu aliharisha siku nne. Kachumbari ya siku ile nilikata mimi. Sasa nyanya naziosha kwa sabuni ya unga, na bado naogopa. Mwenyewe nimeacha kabisa kula."

Labda na wewe una hofu kama hiyo. Basi tuelewane.

Vijidudu vinafikaje kwenye nyanya?

Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara hutoka kwenye kinyesi. Mayai ya minyoo pia. Hufika kwenye mboga kupitia maji machafu ya kumwagilia, udongo, nzi na mikono ya watu, ikiwemo yetu wenyewe. Huwezi kuviona: nyanya inayong'aa inaweza kuwa navyo. Na si mchezo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea sehemu nyingi za nchi, na watu zaidi ya 20,000 wakaugua.

Je, sabuni inafaa?

Hapana. Sabuni ya unga ni ya nguo. Inaweza kuingia kwenye mboga na matunda, ukaila. Kazi kubwa hufanywa na maji safi yanayotiririka pamoja na kusugua kwa mikono.

Fuata hatua hizi:

1. Anza na mikono. Hapa ndipo sabuni inapotakiwa! Sugua kwa sekunde 20.

2. Kwa vitu vya kula vibichi, tumia maji yaliyochemka na kutokota walau dakika moja, kisha yakapoa yakiwa yamefunikwa. Au tumia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

3. Huna bomba? Mwenzako amimine kwa jagi huku wewe unasugua. Ukiloweka zote kwenye beseni moja, uchafu wa nyanya moja unazifikia zote.

4. Osha kabla ya kumenya au kukata, hata embe na tikiti. Kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani.

5. Kisu na kibao vilivyokatia kuku au nyama mbichi visiguse kachumbari mpaka vioshwe kwa maji na sabuni.

6. Tengeneza karibu na muda wa kula, na ufunike. Isikae nje zaidi ya saa mbili.

Sasa ukweli mmoja: kuosha hupunguza vijidudu, hakuvimalizi. Moto ndio unaoviua. Kwa hiyo kukiwa na mlipuko wa kipindupindu mtaani, pika mboga zako na ule zikiwa moto, na matunda menya mwenyewe. Ndimu na pilipili zinaleta ladha, lakini usizitegemee kama dawa.

Na yule msichana? Tulipopitia hatua moja moja, tuligundua kwamba kisu cha kuku alikuwa anakifuta tu kwa kitambaa. Nikamwambia: "Hatuwezi kujua kama ni kachumbari yako. Mdogo wako ananunua barafu njiani, anakunywa maji shuleni. Usijibebeshe lawama. Ila kisu unaweza kukiosha kuanzia leo." Akacheka kidogo.

Mtu akiharisha nyumbani

Mpe ORS mapema, ukifuata maelezo ya pakiti. Huna? Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, visijae kilima. Ampe kidogo kidogo. Akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, akitoa damu, macho yakidumbukia au akilegea, mpeleke kituo cha afya haraka huku akiendelea kunywa.

Jipime na wenzako

- Kwa nini tunaosha tikiti wakati ganda hatuli?
- Nyumbani kwenu, kisu cha kuku ndicho cha kachumbari? Mtafanyaje?

Mboga na matunda mwili wako unavihitaji. Hofu isikunyime. Osha, funika, kula!