Barnaba na Paulo Hawakunyamaza
Somo: Matendo 14:8-18

Kule Listra kiwete alisimama akatembea, na umati ukawaita Paulo na Barnaba miungu. Ng'ombe wa sadaka wakaletwa. Wangenyamaza tu, wangeheshimiwa mji mzima. Lakini walirarua mavazi yao wakakimbilia katikati ya watu, wakisema kwa sauti kwamba wao ni wanadamu tu. Na walisema kabla sadaka haijatolewa.

Sasa tuangalie jukwaa la burudani. Derren Brown wa Uingereza huonekana kama anasoma mawazo ya watu, lakini alizoea kutangaza mapema kwamba anatumia mazingaombwe na saikolojia, si nguvu za kiroho. Ni vyema. Hata hivyo wapo waliomlaumu kwamba hiyo "saikolojia" nayo ilikuwa sehemu ya mchezo. Kumbe hata tangazo lenyewe linaweza kupotosha!

Mimi nilisomea biashara. Mteja anafaa kujua anachonunua kabla hajalipa. Ukiandika "kwa burudani tu" kwa herufi ndogo, halafu umpe mjane "ujumbe" wa marehemu mumewe, yeye hatarudi nyumbani na zile herufi ndogo. Atarudi na ule ujumbe. Kwa hivyo pima tangazo kwa kile mtu anachoamini akitoka mlangoni.

Lakini tusiwanyoshee wasanii kidole. Mwaka wa 1986 huko Marekani, mhubiri Peter Popoff alikuwa akitaja majina na magonjwa ya watu kana kwamba amefunuliwa. James Randi, mfanya mazingaombwe, na wenzake wakanasa mawimbi ya redio: mkewe alikuwa akimsomea sikioni habari ambazo watu wenyewe walitoa kabla ya ibada. Aliyesimamia ukweli siku hiyo hakuwa mhubiri. Hiyo inafaa ituchome.

Nami niseme langu. Zile karatasi za maombi mnazojaza mlangoni, mimi huzisoma kabla ya ibada. Nikitaja hitaji lako madhabahuni, mara nyingine nimelitoa hapo, na sijawahi kulisema. Mnisamehe. Kuanzia Jumapili hii nitasema wazi. Mungu akisema, hahitaji nimsaidie kwa kunyamaza.

Swali la juma: Ni wapi nimemwacha mtu aamini lisilo kweli kwa sababu linanifaidi?

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kusema sisi ni watu tu. Amina.