Mtunzi au aliyerekodiwa? Sarufi ya kibao kimoja

Tuseme tumepewa kibao cha chuma chenye nafasi ya sentensi moja, kiwekwe Likasi kumkumbuka mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Tuandike nini? Nilijipa zoezi hili nikidhani ni la dakika tano. Limenichukua majuma mawili.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: «Hapa, mwaka 1952, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey.» Ni kweli. Mji uliitwa Jadotville wakati huo, na «Masanga» iliyorekodiwa pale ilifika mbali. Lakini tutazame kitenzi. Kiambishi -w- kinamfanya Mwenda kuwa mtendwa. Mtenda ni mwenye mashine. Mtu aliyepiga kwa kidole gumba na cha shahada, gitaa moja likasikika kama mawili, hapo hafanyi kitu. Hakuna uongo katika sentensi, ila sifa imehama.

Nikajaribu «mwimbaji». Neno hili nalo halitoshi, kwa maana anayeimba wimbo wa mwingine ni mwimbaji pia. Tukumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini. «Mbube» yake ya mwaka 1939 iliimbwa Marekani kwa jina lingine, na waimbaji wakajulikana kuliko yeye. Familia yake ilipata mapatano juu ya haki zake mwaka 2006, naye alikwisha kufa tangu 1962.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa: kutunga. Tunatunga shanga, tunatunga wimbo. Anayetunga huchagua na kupanga, na uzi ni wake hata shanga zikivaliwa na mwingine. Kwa hiyo «mtunzi» ndilo neno la kwanza la kibao.

Yabaki jina na lugha. «Jean Bosco» ni jina la ubatizo. «Mwenda wa Bayeke», alilojiita pia, linamfunga kwa watu wake kwa kihusishi -a. Ningeyaweka yote mawili. Na kwa kuwa aliimba Kiswahili cha Katanga, kibao cha Kifaransa peke yake kingemkumbuka kwa lugha ambayo wengi waliocheza nyimbo zake hawakuisoma.

Sentensi yangu ya mwisho ni hii: «Mwenda wa Bayeke, Jean Bosco (1930–1990), mtunzi wa Masanga, aliipiga hapa mwaka 1952, Hugh Tracey akairekodi.»

Neno «hapa» nimelifunga kwa kupiga, si kwa kutunga, maana mahali pa kupiga ndipo panapojulikana. Kiambishi -ka- kinampa Tracey haki yake, lakini kinamweka baada ya mtunzi. Wanafunzi wenzangu, kabla ya kuomba chuma na saruji kwa ajili ya mwanamuziki yeyote, tuulize kwanza: katika sentensi yetu, nani anatenda?