Jina Lililo Katika Hati
Somo juu ya kuchagua namna ya kuendesha biashara

Masomo: Yeremia 32:6-15, Luka 14:28-30, Mithali 6:1-5



Nabii Yeremia alinunua shamba wakati alipokuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, na mji wa Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli. Shamba lilikuwa Anathothi, mali ya Hanameli, mwana wa ami yake, na bei yake shekeli 17 za fedha. Tuangalie jinsi alivyolinunua. Hakusema kwamba huyu ni ndugu yake, basi neno la kinywa latosha. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akaipima fedha katika mizani. Kisha akamwagiza Baruku aziweke hati zile katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi.

Watu wengi hudhani ya kuwa kuandikiana ni alama ya kutoaminiana. Nabii wa Mungu hakudhani hivyo. Aliandikiana na ndugu yake mwenyewe, maana alijua ya kuwa mwanadamu hufa na kusahau, bali hati hukaa.

Habari isiyo ngeni kwetu

Katika nchi yetu ya dhahabu, toka Kakola na Bulyanhulu hata Geita, biashara nyingi huanza kwa urafiki. Tuwaze habari ya Wakristo wawili wa usharika mmoja. Mmoja aliuza ng'ombe zake, mwenzake akatoa akiba yake, wakanunua karasha ya kuponda mawe. Yule wa pili ndiye aliyejua habari za mjini, kwa hiyo alikwenda yeye kuandikisha jina la biashara, kupata namba ya mlipakodi na kukata leseni. Karatasi zote zikaandikwa jina lake peke yake. Hapakuwa na hila. Ilikuwa njia rahisi tu. Miaka saba waligawana faida kila mwisho wa mwezi, wala hawakugombana hata siku moja.

Mwaka wa nane yule aliyeuza ng'ombe akafa. Baada ya matanga mjane wake akamwendea mbia wa mumewe, akamwuliza, "Shemeji, fungu la baba watoto liko wapi?" Naye akamjibu, "Shemeji, soma hati."

Mtu huyu hakusema uongo, maana hati ilikuwa na jina lake peke yake. Lakini hapo ndipo tunapoikumbuka Amri ya Tisa kama Martin Luther alivyoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Alifundisha ya kuwa twakatazwa kuipata mali ya jirani kwa hila, hata kwa njia iliyo na sura ya haki. Hati isiyosema kweli yaweza kumfanya mtu mwema kuwa mwivi siku ya msiba, hali yeye mwenyewe ajihesabu kuwa hana kosa.

Basi hili ndilo neno la somo letu: mtu achaguapo namna ya kuendesha biashara hachagui karatasi ya kuionyesha serikali tu. Achagua ni nani atakayelichukua deni, na ni nani atakayepata fungu siku ambayo yeye mwenyewe hayupo kusema.

Maswali matatu ya kuanzia

Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuketi na kuuliza mambo matatu. Kwanza, mali ni ya nani? Pili, deni ni la nani? Tatu, mwenyewe akifa, ni nini kitakachofuata? Kila namna ya biashara hujibu maswali haya kwa jinsi yake.

1. Biashara ya mtu mmoja

Hii ndiyo namna ya wengi: mama lishe, mwenye duka, fundi cherehani. Mtu aweza kuandikisha jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, akapata namba ya mlipakodi, na leseni ya halmashauri. Gharama yake ni ndogo, na mambo yake ni mepesi.

Lakini tusidanganyike na cheti cha jina. Jina la biashara si mtu wa pili. Mali ya duka ni mali ya mwenye duka, na deni la duka ni deni lake yeye. Duka likishindwa kulipa, wadai waweza kuifuata hata mali yake ya nyumbani kwa njia ya mahakama. Tena akifa, biashara huingia katika mirathi pamoja na vitu vyake vingine, na mahakama humthibitisha msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo mwenye biashara ya namna hii aandike wosia, na daftari yake ionyeshe wazi mali ya duka, madeni, na wanaomdai.

2. Ubia

Watu wawili au zaidi wakifanya biashara pamoja ili wagawane faida, hao ni wabia, hata kama hawajaandika neno lolote. Katika Tanzania mambo ya ubia yamo katika Sheria ya Mikataba. Mahali wabia waliponyamaza, sheria husema kwa niaba yao: pasipo mapatano mengine faida na hasara hugawanywa sawasawa, hata kama mmoja alitoa ng'ombe kumi na mwenzake alitoa mmoja. Tena mbia akifa, ubia huvunjika, isipokuwa walipatana vingine.

Jambo la kuogopa zaidi ni deni. Mbia mmoja akikopa mafuta ya mashine kwa ajili ya biashara, wote wamekopa. Mdai aweza kumdai mmoja wao deni lote, si fungu lake tu. Mithali humwonya mtu aliyejiweka kuwa dhamana ya mwenzake, ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Kila mbia ni dhamana ya mbia mwenzake. Basi usiingie ubia na mtu kwa sababu tu mnaimba kwaya moja.

Wakiisha kuamua, na waandike mapatano. Ndani yake yawemo haya: kila mtu ametoa nini, faida itagawanywaje, ni nani atiaye sahihi benki, mbia akitaka kutoka mali yake itahesabiwaje, na mbia akifa, mjane na watoto watalipwa nini na kwa muda gani. Neno hili la mwisho ndilo ambalo watu huliacha, kwa kuwa waogopa kutaja kifo. Mkristo asiogope kulitaja.

3. Kikundi na chama cha ushirika

Wako watu wasio na mtaji mkubwa, lakini wana umoja. Hao waweza kuanza na kikundi. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 yataka hata vikundi vya kuweka na kukopa viandikishwe. Tena halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi kisichoandikishwa hakiwezi kuipata.

Kazi ikikua, liko shirika kubwa zaidi, yaani chama cha ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Tofauti yake ni hii: kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Mali ni ya chama, wala si ya mwenyekiti.

Usukuma waijua njia hii. Wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na mwendo huo vyama vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho kubwa la Ziwa Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Katika hayo tujifunze mambo mawili. Umoja wa wanyonge una nguvu. Lakini ushirika husimama mahali ambapo wanachama wenyewe huhudhuria mikutano na kusoma hesabu. Wakilala, chama huliwa na wachache.

4. Kampuni

Kampuni yenye dhima ya kikomo ni namna nyingine kabisa. Mbele ya sheria kampuni ni kama mtu aliye mbali na wenye hisa: yaweza kumiliki mali, kudai, na kudaiwa kwa jina lake yenyewe. Ikishindwa kulipa, mwenye hisa hupoteza fedha aliyoitoa au aliyoahidi kuitoa kwa hisa zake, lakini nyumba yake haiguswi.

Tena kampuni haifi pamoja na mtu. Mfano uko kwetu Shinyanga, pale Mwadui. John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi pale mwaka 1940, na mgodi wake akaufanya kampuni. Alifariki mwaka 1958, lakini kampuni haikuzikwa naye. Mwaka ule ule hisa zilinunuliwa na kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu, na kazi ikaendelea.

Mfano wa hisa uko Bulyanhulu penyewe. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2020, kampuni ya Barrick ina asilimia 84 na Serikali ya Tanzania asilimia 16 katika kampuni ya Twiga, inayosimamia mgodi huo. Hakuna haja ya kukisia ni nani mwenye fungu gani; limeandikwa. Yaliyo mema kwa wakubwa, mbona yasiwe mema kwa wenye karasha moja?

Lakini ngao hii ina gharama. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 yataka kampuni ipeleke taarifa kwa msajili kila mwaka, na kutunza vitabu vya hesabu. Kampuni hulipa kodi asilimia 30 ya faida yake, wala haikadiriwi kwa mauzo kama mfanyabiashara mdogo. Fedha ya kampuni si mfuko wa mkurugenzi. Akiitumia kwa karo na harusi bila utaratibu, ameiba. Tena benki mara nyingi humtaka mkurugenzi atie sahihi ya dhamana yake mwenyewe. Akiitia, ameivua ngao kwa mkono wake.

Habari za leseni ya kuchimba

Wachimbaji wadogo waangalie sana neno hili. Leseni ndogo ya uchimbaji, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hutolewa kwa raia wa Tanzania, au kwa ubia au kampuni ambayo watu wake wote ni raia. Hukaa miaka saba, kisha huombwa tena. Wenye maduara na wachimbaji wana desturi zao za kugawana mifuko ya mawe, lakini mbele ya serikali mwenye leseni ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Watu kumi wakichanga, na leseni ikaandikwa jina la mmoja, tisa wameachwa nje ya mlango.

Wazee wa Bulyanhulu hawajasahau mwezi wa Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa katika eneo lile, kwa kuwa haki ya kuchimba ilikuwa imeandikwa kwa jina la kampuni. Hatuandiki hayo ili kuhukumu shauri lile. Twasema tu ya kuwa jasho la miaka mingi halikuwa hati.

Basi tuchague nini?

Anayeuza chakula au nguo kwa mtaji wake mwenyewe, pasipo mkopo mkubwa, yamfaa biashara ya mtu mmoja, pamoja na daftari na wosia. Wawili wanaoaminiana, wenye kazi ndogo isiyo na hatari nyingi, yawafaa ubia ulioandikwa. Wengi wenye michango midogo, watakao kura sawa, na waende kwa afisa ushirika au afisa maendeleo ya jamii. Lakini kazi ikiwa na mashine za bei kubwa, mikopo, na hatari ya mtu kuumia, kama karasha na mashimo, heri kampuni, iwapo wenyewe wako tayari kutunza hesabu kila mwaka. Ada na taratibu hubadilika. Kabla ya kutia sahihi, waulizeni BRELA au wakili.

Ninyi waalimu na wazee wa usharika, msione ya kuwa haya ni mambo ya dunia yasiyowahusu. Luther afundisha katika Amri ya Saba ya kuwa haitoshi kutomwibia jirani. Yatupasa kumsaidia kuitunza mali yake na riziki yake. Mkisikia ya kwamba wawili wa kundi lenu wanaanza kazi pamoja, waulizeni kwa upole kama wameandikiana. Mkiombwa kuwa mashahidi, kubalini, mkasome kila neno kabla ya kutia sahihi. Na kama yuko mtu kati yetu ashikaye hati yenye jina lake peke yake, naye ajua moyoni ya kuwa fungu ni la wawili, na aisahihishe leo, mwenzake angali hai. Kesho shauri hilo huenda likawa kati yake na mjane, na Mungu ndiye shahidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Yeremia aliandika hati, ingawa muuzaji alikuwa ndugu yake?
2. Katika ubia, deni alilokopa mbia mmoja kwa ajili ya biashara ni la nani?
3. Kura za chama cha ushirika zatofautianaje na hisa za kampuni?
4. Katika biashara yako, jina la nani limeandikwa katika hati? Je, ni kweli yote?
5. Ukiitwa na Bwana usiku huu, je, mkeo au mumeo ataweza kuonyesha fungu lenu kwa maandishi?