SOMO: MTOTO WETU ANAPOTAKA KUWA DAKTARI WA MAMBO YA BIASHARA



Juzi nilikaa na kina mama wa kikundi kimoja chini ya mwembe. Kijana wa mmoja wao alikuwa amekubaliwa chuo kikuu kusomea shahada ya uzamifu, ile inayomfanya mtu aitwe Daktari ingawa hatibu wagonjwa. Atachunguza ujasiriamali: kwa nini kibanda kimoja hukua na cha jirani hufungwa. Mama yake aliomba apewe pesa zote za mzunguko, na yeye auze ng'ombe wa maziwa. Wakaniuliza, "Mwalimu, tufanyeje?"

Niliwaambia wasikimbilie kutoa wala kukataa. Waulize kwanza maswali manne.

1. Atasoma muda gani? Ni miaka mitatu au zaidi, na wengi huipita. Ng'ombe atalipa muhula mmoja. Wa pili utalipwa na nani?

2. Gharama zote ni ngapi? Karo si yote. Kuna nauli ya kuzunguka vijijini akiuliza watu maswali, kibali cha utafiti cha NACOSTI, uchapishaji, na chakula chake.

3. Ameomba ufadhili wapi? Shirika la DAAD la Ujerumani limesomesha watu wengi wa Afrika Mashariki katika vyuo vya huku huku. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola hupeleka wengine Uingereza. HELB nayo hukopesha, lakini mkopo ni deni. Mfadhili hutazama sana swali la utafiti: liko wazi? Litamsaidia nani?

4. Sisi tuna nini cha kutoa bila kuumia? Hapo ndipo kina mama walinyamaza. Mweka hazina akainua kitabu chake cha hesabu cha miaka kumi. "Hiki?"

Ndiyo, hicho! Mchunguzi wa biashara ndogo bila habari za kweli ni mkulima bila mbegu. Muhammad Yunus wa Bangladesh alikwenda Marekani mwaka 1965 kwa ufadhili wa Fulbright, akapata udaktari wa uchumi. Lakini ni wanakijiji wa Jobra waliomfunza shida yenyewe. Mwaka 1976 aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 tu. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, mwaka 1983.

Kikundi kikakata shauri: kijana apewe nauli ya kufuatilia ufadhili, na asome vitabu vyao kwa masharti mawili. Majina ya watu yasitajwe, na akimaliza arudi awaeleze alichogundua. Mama yake alilia kidogo, kisha akakubali. Ng'ombe bado anakamuliwa.

Ya kujadiliana kikundini:
• Vitabu vyetu vya hesabu vikisomwa leo, vitasema kweli?
• Mtafiti akija kwetu, tutamwomba aturudishie nini?